Popo wa darini na buibui wa Mbita: nani hasa anakula mbu wa malaria?

Mwalimu wa Zamu (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu kidogo. Mwenye haraka apite, ila asije mwishoni kuuliza nilichokwisha kujibu.

Nafundisha baiolojia kwenye sekondari moja ya bweni mkoani Morogoro. Darini kwenye bweni la wavulana kuna popo, na si kumi wala ishirini. Giza likianza kuingia wanatoka kwenye upenyo kati ya bati na mbao ya fisha. Mmoja anachungulia, anajiachia, anadondoka kama nusu mita hivi halafu ndiyo mabawa yanakamata hewa. Nyuma yake mwingine, nyuma yake mwingine. Ukisimama chini unasikia "fyu, fyu, fyu" na harufu ile ya kinyesi chao inakushukia.

Sasa kwenye kikao fulani tulikuwa na ajenda ya kuweka wavu wa mbu madirishani. Akasimama mjumbe mmoja, mtu mzima na heshima zake, akasema hiyo pesa ni ya kutupa. Popo mmoja anakula mbu elfu moja kwa saa, mmesahau? Kwa jeshi lile la darini, mbu watatokea wapi? Watu wakacheka, wakapiga makofi, ajenda ikaahirishwa. Wiki hiyo hiyo nikapeleka vijana wanne zahanati, wote vipimo vikasoma malaria.

Tangu siku hiyo nimekuwa na hasira na ile namba, elfu moja kwa saa. Nikaamua kumchunguza popo wetu vizuri, na kumlinganisha na mla mbu mwingine ambaye nina hakika mjumbe wetu hajawahi kumsikia: buibui mdogo wa pwani ya Ziwa Victoria.

Nianze na popo. Kwa ninavyomtambua ni *Mops pumilus*, ambaye vitabu vya zamani vinamwita *Chaerephon pumilus*. Ni popo wa mkia huru, yaani mkia wake unachomoza nje ya ile ngozi ya katikati ya miguu kama mkia wa panya. Uzito wake ni kama gramu 10. Yupo karibu Afrika yote kusini mwa Sahara na anapenda mabati yetu kuliko sisi wenyewe. Saa nane mchana, dari limegeuka tanuri, yeye amejibana kwenye kenchi anasinzia.

Mabawa yake ni marefu na membamba, ya kukimbia, si ya kukatakata kona. Anawinda juu, kwenye anga la wazi, juu ya miti na mapaa, na sauti anayopiga ili asikie mwangwi ni ya kilohezi 25 hivi (mitetemo 25,000 kwa sekunde). Hesabu ya kidato cha tatu: sauti inakwenda mita 340 kwa sekunde, gawanya kwa 25,000, unapata wimbi lenye urefu wa sentimita 1.4 hivi. Mwili wa mbu haufiki hata nusu ya hapo. Wimbi kubwa likikutana na kitu kidogo kuliko lenyewe mwangwi unaorudi ni hafifu sana. Nondo na mbawakawa wanamrudishia mwangwi wa kushiba.

Halafu kuna hesabu ya tumbo. Mbu ana miligramu 2 hivi. Popo wa gramu 10 akitaka kula theluthi ya uzito wake kwa mbu peke yake, inabidi akamate zaidi ya mbu 1,500 usiku mmoja, mmojammoja, kila mmoja kwa kona yake. Nondo mmoja wa miligramu 100 ni sawa na mbu 50 kwa mbio moja. Wewe ungefukuza nini?

Namba ya elfu moja nayo ina historia yake. Mwaka 1960 mtafiti Donald Griffin na wenzake walichapisha majaribio yao ya kuachia popo wadogo wa Marekani, spishi nyingine kabisa, ndani ya chumba kilichojaa mbu. Popo walikamata kama 10 kwa dakika. Chumba kimefungwa, mbu hawana pa kukimbilia, popo ana njaa. Watu wakachukua dakika ile wakaizidisha ikawa saa, wakakuza kidogo ikawa elfu, na ile spishi wakaiacha njiani. Ni sawa na kumuona mtu anakula sambusa mbili kwa dakika harusini ukatangaza anakula 120 kwa saa kila siku.

Naendelea na buibui, ngoja nisahihishe madaftari kwanza.

Kisiki Kikavu

Nimeweka kiti hapa. Mwalimu usitukimbie kama wale wa "inaendelea" halafu wanapotea mwaka.

Mlipuko87

Popo ni popo tu, mkuu. Si ndege si mnyama, hata kwenye hadithi alifukuzwa pande zote mbili. Choma moshi hao.

Fundi Kenchi

@Mlipuko87 usimshauri mtu moshi kwenye dari la mbao. Nimeshawahi kuitwa kuezeka upya nyumba iliyoungua kwa ushauri huo huo.

Mwalimu wa Zamu

Nimerudi.

Buibui wetu anaitwa *Evarcha culicivora*, na hilo neno la pili maana yake ni mla mbu. Alipewa jina kisayansi mwaka 2003. Ana milimita 5 hivi, yaani unamfunika na punje ya mchele. Ni buibui mrukaji, hana utando wa kutegea. Anatembea ukutani, anasimama, anageuka akutazame na yale macho mawili makubwa ya mbele (yapo manane kwa jumla), kisha anaruka. Makao yake ni ukanda wa Ziwa Victoria, Kenya na Uganda, na kazi kubwa ya kumchunguza imefanyika Mbita, upande wa Kenya, kwenye kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, na kina Robert Jackson na Ximena Nelson kutoka New Zealand pamoja na Godfrey Sune wa hapo hapo Mbita.

Mwaka 2005 walitoa matokeo ambayo mimi nilipoyasoma nilisimama. Huyu buibui anapenda damu ya wanyama na watu, lakini mdomo wake hauwezi kutoboa ngozi yetu. Kwa hiyo anaipata kwa mlango wa nyuma: anatafuta mbu jike aliyekwisha kunyonya, anamla yeye na damu yake. Ukimpa mbu dume wa ukubwa ule ule, au jike aliyelishwa sukari tu, anaelekea kwa mwenye damu. Walijaribu hata kwa mbu waliokufa, wamesimamishwa juu ya vipande vya kizibo cha chupa kama wako hai, kwa hiyo si kwamba alivutwa na mwendo. Wakajaribu harufu peke yake bila kumuonyesha kitu. Bado akaenda kwenye harufu ya mbu mwenye damu.

Baadaye wakafanya kituko: wakachukua kichwa na kifua cha mbu dume wakakiunganisha na tumbo la jike lililojaa damu, na kinyume chake. Mbu wa viraka. Buibui hakudanganyika kwa tumbo jekundu peke yake, aliangalia na papasi pia, zile nyuzi mbili za kichwani. Dume ana papasi za manyoya kama brashi ya chupa, jike zake ni nyembamba. Mdudu mwenye ubongo mdogo kuliko kichwa cha pini anatofautisha hilo, na mimi nina wanafunzi wa kidato cha nne ambao bado tunabishana.

Na sehemu niipendayo kuliko zote ni watoto wake. Mnajua mbu wa anofelesi, yule wa malaria, akitua anainua makalio juu, mwili umeinama kama mtu aliyesujudu, tofauti na wale mbu wa choo wanaolala sambamba na ukuta. Buibui mchanga, mdogo kuliko mbu mwenyewe, anazunguka kwa nyuma, anaingia polepole chini ya lile tumbo lililoinuliwa, halafu anaruka kutoka chini na kumng'ata hapo. Mbu akiruka, anaruka naye. Mbinu hiyo anaitumia kwa anofelesi hasa. Hakuna aliyemfundisha, ametoka nayo kwenye yai.

Sasa walinganisheni. Anofelesi wetu wakubwa wa malaria wanaingia ndani, wanauma usiku wa manane mtu amelala, wakishiba wanatua ukutani kupumzika. Muda huo popo wangu yuko juu ya miembe anafukuza nondo. Chumbani haingii na akiingia ni kwa bahati mbaya, wavulana watapiga kelele mpaka asubuhi. Anayekaa pale pale ukutani mbu anapotua ni buibui.

Nyar Mbita

Mwalimu, mimi ni wa Mbita na nimecheka peke yangu kwa matatu. Hao buibui tunawaona kwa kuta tangu tukiwa watoto, hakuna aliyejua ni watu wa maana hivyo.

Nikuongezee kitu ambacho mgeni hawezi kujua. Huku ziwani kuna wadudu wadogo wasiouma, wanatoka kwa maji kwa wingi ajabu. Ukiangalia ziwa kutoka mbali unaona kama moshi unapanda, kumbe ni wao. Asubuhi ukuta wa nyumba ni mweusi, unafagia kwa ufagio. Mtu asiyezoea anadhani ni mbu. Kwa hiyo huyo buibui amezungukwa na chakula cha bure, kimejaa ukuta mzima, na bado anapita katikati yao akitafuta mbu mmoja mwenye damu. Hapo ndipo nilimvulia kofia.

Na ile ya soksi mbona hujasema?

Mwalimu wa Zamu

@Nyar Mbita asante dada yangu, ya wadudu wa ziwani nilikuwa nimeisoma lakini sijawahi kuiona namna hiyo.

Ya soksi ni hivi: Fiona Cross na Jackson walionyesha mwaka 2011 kwamba buibui hawa wanavutwa na harufu ya soksi iliyovaliwa kuliko soksi safi. Ina mantiki. Anofelesi anafuata harufu ya mtu, na buibui anayefuata harufu ya mtu atamkuta anofelesi huko huko. Yaani harufu ya miguu ya bweni la wavulana, kwake ni kama harufu ya pilau.

Kisiki Kikavu

Kwa bweni nililosoma mimi hao buibui wangehama Kenya wote.

Mchunguliaji

Mwalimu, umeandika vizuri lakini naona unamkandamiza popo. Mbili tatu.

Moja, umeongelea spishi moja yenye sauti ya chini. Kuna popo wadogo wanaopiga kilohezi 45 na kuendelea, wanaoruka chini chini, karibu na taa na majani. Hao wanawasikia mbu vizuri. Wisconsin kule Marekani mwaka 2018 walipima vinasaba kwenye kinyesi cha popo wakakuta mbu, tena si mahali pamoja.

Pili, je, wewe umepima kinyesi cha hao wako? Au ni hesabu za ubaoni tu?

Mwalimu wa Zamu

@Mchunguliaji swali zuri na nililitegemea. Nimepima, kwa kiwango cha shule.

Tulitandika karatasi ya nailoni chini ya upenyo kwa usiku mmoja. Glovu, barakoa, na nilikataza mwanafunzi yeyote kupanda darini, kwa sababu vumbi la kinyesi kikavu linaweza kuwa na kuvu anayeshambulia mapafu. Kinyesi cha popo kinafanana na cha panya lakini ukikibonyeza kwa kijiti kinamong'onyoka, cha panya ni kigumu. Tukakiloweka kwenye spiriti kwenye sahani, tukakichambua kwa pini mbili chini ya lenzi. Kilikuwa kinametameta. Vipande vya magamba ya mbawakawa, vingine vya kahawia, kimoja cha kijani kama kioo cha chupa. Unga wa mabawa ya nondo ulijaa mpaka ukashika kwenye vidole. Mguu mmoja wenye miiba ambao hatukujua ni wa nani.

Mbu hatukumuona hata mmoja. LAKINI, na hapa nakupa haki yako, mbu ni laini. Akisagwa na meno ya popo, lenzi ya shule haiwezi kumtambua. Ndiyo maana Wisconsin walitumia vinasaba. Kwa hiyo sisemi popo wangu hali mbu. Pengine anawazoa wawili watatu njiani. Ninachokataa ni popo kutumika kama hoja ya kunyima watoto wavu.

Na kuhusu spishi nakubali kabisa. "Popo" kwetu ni neno moja kwa viumbe zaidi ya elfu moja na mia tatu duniani. Wa Pemba anayekula maembe na shelisheli, bawa kwa bawa karibu mita moja na nusu, naye ni popo. Mjumbe wetu alichanganya wote kwenye gunia moja.

Bi Shuu wa Chake

Umemtaja wa Pemba basi nami nimo. Wetu hali mdudu kabisa, ni matunda, maua na majani. Miaka ya themanini mwishoni walikaribia kutoweka, watu wakiwala na kukata miti, leo pale Kidike unalipia kiingilio kuwatazama wakining'inia mchana kama miavuli.

Na kuhusu buibui, bibi yangu alikuwa hatuachi tuue. Alikuwa akitukumbusha kisa cha pangoni, buibui alipotanda mlangoni akamsitiri Mtume. Mpaka leo nikifagia namhamisha kwa ufagio namtoa nje. Sikujua kuna buibui asiyetanda. Huyo naye nimsamehe?

Mwalimu wa Zamu

Msamehe, Bi Shuu. Naye hufuma, ila kijumba kidogo cha kulalia tu.

Mlipuko87

Hakuna aliyetaja Ebola na Marburg. Mnapamba tu.

Mchunguliaji

@Mlipuko87 hilo ni la kutajwa, ila kwa usahihi. Marburg inahusishwa na popo wa matunda wa mapangoni, *Rousettus aegyptiacus*, si hawa wa bati. Kule Kagera ilitupiga Machi 2023 na tena Januari 2025, tusilifanyie mzaha. Kwa hawa wa mkia huru, Sierra Leone mwaka 2018 ilitangazwa kupatikana kirusi cha jamii ya Ebola kinachoitwa Bombali, kwenye spishi ya mwalimu na nduguye mkubwa kidogo, na kwa huyo nduguye kikaonekana tena Taita, Kenya. Hakuna mtu aliyejulikana kuugua kwa hicho. Hata hivyo: usimshike popo kwa mkono mtupu, usimlete mtoto kuchezea aliyeanguka, na akikung'ata kimbia hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya kichaa cha mbwa.

Na kwa faida ya mjumbe wa mwalimu, historia ina mwenzake. Daktari Charles Campbell wa San Antonio, Texas, alijenga mnara wa popo mwaka 1911 akiamini watamaliza malaria. Popo walikuja kweli, wa mkia huru kama hawa, ila kilichokuwa na faida ya kuhesabika ni mbolea. Mwaka 1929 tajiri mmoja aitwaye Perky akajenga mnara kwa ramani hiyo hiyo visiwani Florida, mbu walikuwa wanamfukuzia wateja. Popo hawakukaa. Mnara ulibaki mtupu karibu miaka 90 mpaka kimbunga Irma kikauangusha mwaka 2017.

Kisiki Kikavu

Huo mnara ndio ulitakiwa uonyeshwe kwenye kikao.

Fundi Kenchi

Mwalimu, kama shule itaamua kuwatoa, msizibe mchana wakiwa ndani, watafia humo na harufu mtaihama nyinyi. Na msizibe kipindi cha mvua wakiwa na watoto wasioruka. Ning'iniza kipande cha neti juu ya upenyo, chini kiachwe wazi. Wanatoka kwa kushuka, wakirudi wanagonga neti hawaoni njia. Siku nne tano ukihakikisha hakuna anayetoka, ndiyo unapiga mbao. Upenyo wa kidole tu wanapita, kwa hiyo kagua na kona za kofia ya bati.

Kama mnawaacha, basi jipsamu iwe haina tundu na kinyesi kisishukie vitandani.

Mwalimu wa Zamu

@Fundi Kenchi nimeuhifadhi huo. Kwa kweli mimi sitaki waondoke. Jirani zetu wana mahindi na mboga, na waharibifu kama kunguni wanuka (wanaofyonza mimea, si wa kitandani) na nondo wa mabua ndio chakula cha popo. Limpopo, Afrika Kusini, popo wamepimwa kwa faida wanayowapa wakulima wa makadamia kwa kula hao kunguni. Eswatini ilionekana wanapenda kuwinda juu ya mashamba ya miwa, na Morogoro miwa tunayo. Hiyo ndiyo sifa yake halisi, apewe.

Nyar Mbita

Na buibui wetu mtamkodi lini? Naweza kuwatumia kwa kiberiti, nauli juu yenu.

Mwalimu wa Zamu

Usiwatume dada. Kwanza kuhamisha kiumbe toka makao yake ni kuomba balaa. Pili hata huko kwenu yupo na malaria ipo. Ni mmoja mmoja, anakula mbu wake akishiba anakaa kimya. Tena anakula mbu ambaye ameshakunywa, maana yake kuna mtu ameshaumwa. Anaweza kumzuia huyo mbu asimuume wa pili, wa kwanza imekula kwake.

Dada Zuu

Mkuu matokeo ya kikao yakoje? Umetuacha.

Mwalimu wa Zamu

Kilikaa Ijumaa. Nilipeleka ile sahani ya kinyesi na lenzi, kila mjumbe akachungulia. Mjumbe wetu alichungulia muda mrefu kuliko wote. Akauliza, "Na hiki cha kijani?" Nikamwambia mbawakawa. Akasema, "Mbu yuko wapi?" Nikamjibu hilo ndilo swali langu, mzee. Hakusema tena, ila mkono aliunyoosha wakati wa kura. Wavu umepita kwa madirisha ya mabweni yote mawili, milango bado wanatafuta pesa. Popo wanabaki, jipsamu inazibwa likizo.

Jana usiku nikiwa zamu nilipita bwenini na tochi. Juu ya fremu ya dirisha la tatu nikamkuta mrukaji mmoja, si wa Mbita, ni hawa wetu wa nyumbani wenye mistari myeupe mgongoni. Amekamata kitu, anakivuta kinyumenyume kuelekea kona. Nikasogeza tochi nikavaa miwani vizuri, vijana watatu wameshika bega langu wanachungulia.

Alikuwa nzi.